Mali bila Daftari: Jinsi Kundi la Wanafunzi wa Baiolojia Sanisi Linavyogawana Miongozo ya Maabara

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo uliwalenga wenye biashara, lakini ukweli wake unaonekana waziwazi pia katika maabara ya baiolojia. Mali ya maabara si vyombo na kemikali peke yake. Sehemu kubwa ya mali hiyo ni ujuzi wa namna ya kutenda kazi: kitu gani kitiwe, kwa kiasi gani, katika joto gani, kwa muda gani, na kwa kufuata mpangilio upi. Ujuzi huo usipoandikwa kwa ukamilifu, huondoka pamoja na mtu aliyekuwa nao.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba wanafunzi kumi wa chuo kikuu wameunda kundi la utafiti. Wenzao wa mwaka uliotangulia walifaulu kuingiza jeni ndani ya bakteria bila taabu, wakahitimu, wakatawanyika. Waliacha karatasi moja yenye maneno machache: "Changanya DNA na seli, weka katika barafu, pasha moto, kisha panda katika sahani." Wanafunzi wapya wanafuata maneno hayo neno kwa neno. Asubuhi ya pili wanafungua kabati la joto na kukuta sahani tupu. Wanarudia mara ya pili, kisha mara ya tatu. Wiki mbili zinapita, vimeng'enya vilivyonunuliwa kwa fedha nyingi vinakaribia kwisha, na baadhi yao wanaanza kuamini kwamba wao si watu wa maabara.

Kumbe kosa halikuwa katika akili zao. Walioandika karatasi ile walijua kwamba "pasha moto" maana yake ni sekunde 45 katika maji ya digrii 42 za Selsiasi, wala si zaidi. Jambo hilo lilikuwa limezoeleka mikononi mwao kiasi kwamba hawakuona haja ya kuliandika. Wapya waliviacha vichupa ndani ya maji kwa dakika kumi, na seli zao dhaifu zikafa.

Makala haya yanaeleza kazi ya kutengeneza kloni za DNA ni kazi ya namna gani, kwa nini ni rahisi kuharibika, na ni kwa njia zipi kundi la wanafunzi linaweza kugawana miongozo ya kazi hiyo ili ujuzi wa mmoja uwe ujuzi wa wote.

Kloni ya DNA ni nini?

Katika lugha ya maabara, kutengeneza kloni ya DNA ni kukichukua kipande cha DNA, kukiunganisha na DNA nyingine iwezayo kujinakili ndani ya seli, na kuiacha seli hiyo izaliane hadi kipande hicho kiwe na nakala nyingi zinazofanana. Seli inayotumika mara nyingi ni bakteria aitwaye Escherichia coli, wa aina zilizodhoofishwa kwa ajili ya maabara ambazo hazileti ugonjwa kwa mtu mwenye afya.

DNA inayokibeba kipande hicho huitwa plasmidi. Plasmidi ni duara dogo la DNA, mara nyingi lenye urefu wa jozi za besi elfu chache tu, ilhali kromosomu ya bakteria mwenyewe ina jozi zipatazo milioni 4.6. Plasmidi ya maabara huwa na sehemu mbili za lazima. Ya kwanza ni mahali ambapo unakili huanzia. Ya pili ni jeni ya ukinzani, yaani jeni inayomwezesha bakteria kuishi mbele ya kiuavijasumu fulani, kama vile ampisilini au kloramfenikoli. Kwa hiyo, bakteria wakipandwa katika sahani yenye dawa hiyo, ni wale tu waliopokea plasmidi ndio watakaoota na kufanya makoloni yanayoonekana kwa macho.

Kazi yenyewe ina hatua tano. Kwanza, plasmidi na kipande cha DNA hukatwa kwa vimeng'enya vikata. Kila kimeng'enya cha aina hiyo hutambua mfuatano wake maalumu wa besi. Kimeng'enya kiitwacho EcoRI, kwa mfano, hutambua mfuatano wa GAATTC na kuukata kwa namna inayoacha ncha zenye kunata. Pili, ncha hizo huunganishwa na kimeng'enya kingine kiitwacho ligasi. Tatu, DNA iliyounganishwa huingizwa ndani ya bakteria waliotayarishwa kuipokea. Nne, bakteria hupandwa katika sahani yenye dawa na kuachwa usiku kucha katika joto la digrii 37. Tano, makoloni machache huchaguliwa, DNA yao hutolewa na kuchunguzwa kama ndiyo iliyokusudiwa.

Kazi iliyozaliwa kwa kugawana

Yafaa ikumbukwe kwamba ufundi huu wenyewe ulitokana na maabara mbili kugawana ujuzi. Mwishoni mwa mwaka 1972, Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikutana katika mkutano wa wanasayansi huko Hawaii. Maabara ya Cohen ilijua kuzishughulikia plasmidi na kuziingiza katika bakteria. Maabara ya Boyer ilikuwa na kimeng'enya cha EcoRI. Kila upande ulikuwa na nusu ya ufunguo. Mwaka 1973 wao na wenzao walitangaza kwamba wameunganisha vipande vya DNA kutoka plasmidi tofauti na kuvifanya vijinakili ndani ya bakteria. Miaka mitano baadaye, 1978, Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba ilitolewa kwa Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith kwa uvumbuzi wao kuhusu vimeng'enya vikata.

Katika miaka iliyofuata kila maabara ilikuwa na plasmidi zake, njia zake za kukata, na mazoea yake. Kipande kilichotengenezwa mahali pamoja hakikuwa rahisi kuunganishwa na kipande kilichotengenezwa mahali pengine. Hali hiyo ililingana na ile ya mafundi wa vyuma wa karne ya 19, ambao kila mmoja alichonga skrubu kwa kipimo chake, hata nati ya karakana moja isiingie katika skrubu ya karakana ya pili. Mwaka 1864, mhandisi William Sellers alipendekeza mjini Philadelphia kipimo kimoja cha skrubu kwa Marekani nzima.

Mnamo mwaka 2003, Tom Knight wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kwa herufi MIT, alileta pendekezo la namna hiyo katika baiolojia. Alipendekeza kwamba kila kipande cha DNA kizungukwe na alama zilezile za kukatia: EcoRI na XbaI upande wa mbele, SpeI na PstI upande wa nyuma. Ncha zinazoachwa na XbaI na SpeI hunatana, lakini zikishaungana haziwezi kukatwa tena na chochote kati ya hivyo viwili. Hivyo vipande viwili vikiunganishwa huwa kipande kimoja kipya chenye alama zilezile nje yake, nacho huweza kuunganishwa na cha tatu, na cha tatu na cha nne. Vipande hivyo viliitwa BioBrick, yaani matofali ya uhai.

Mwezi Januari mwaka huohuo wa 2003, MIT ilianzisha kozi fupi ambamo wanafunzi walibuni mitambo midogo ya jeni. Mwaka 2004 kozi hiyo iligeuka kuwa mashindano ya makundi matano. Mwaka 2005 yalifika makundi 13, na mwaka 2006 makundi 32. Mashindano hayo, yaitwayo iGEM, yamekua hata kupokea makundi zaidi ya 300 kwa mwaka kutoka mabara mbalimbali, na tangu mwaka 2022 mkutano wake mkuu umekuwa ukifanyika Paris, Ufaransa. Baadhi ya kazi za wanafunzi hao zimesifika sana. Kundi la Chuo Kikuu cha Edinburgh la mwaka 2006 lilibuni bakteria wa kuonyesha kama maji yana sumu ya aseniki. Kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge la mwaka 2009 lilitengeneza bakteria wanaotoa rangi mbalimbali.

Makundi hayo yana sifa moja inayohusu makala haya moja kwa moja: wanachama wake ni wanafunzi, na wanafunzi hupita. Karibu kila mwaka kundi huanza na watu wapya, nao wana miezi michache tu ya kazi ya maabara. Kundi lisilo na miongozo mizuri hulazimika kila mwaka kuuanza upya mlima uleule kutoka chini.

Kwa nini maneno machache hayatoshi

Mtu anayeangalia kwa mbali huweza kudhani kwamba kazi ya maabara ni kama hesabu: ukifuata kanuni, jibu ni lilelile. Ukweli ni kwamba baina ya mstari mmoja wa mwongozo na mstari unaofuata mna mambo mengi madogo ambayo mzoefu huyafanya bila kuyafikiri. Mifano minne itatosha kulionyesha jambo hilo.

Mfano wa kwanza ni wa bafa ya ligasi. Bafa hii ina ATP, kemikali inayokipa kimeng'enya nguvu ya kuunganisha DNA. ATP huharibika bafa inapogandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Mwanafunzi anayekitoa kichupa kilekile katika friza kila siku kwa mwezi mzima hatimaye hutumia bafa iliyokufa, naye hatajua, kwa kuwa kwa macho bafa nzima na bafa mbovu hazitofautiani. Mzoefu huigawa bafa mpya katika vichupa vidogo siku ile ile anapoipokea, na kila kichupa hutumika mara moja au mbili tu.

Mfano wa pili ni wa sahani za dawa. Ampisilini huharibiwa na joto kali. Ikitiwa katika agari iliyotoka jikoni ikichemka, nguvu yake hupungua, na bakteria wote huota, wenye plasmidi na wasio nayo. Ndiyo maana agari huachwa ipoe hadi nyuzi zipatazo 50, yaani mpaka chupa iweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza, ndipo dawa itiwe. Aidha, bakteria wenye ukinzani wa ampisilini hutoa nje kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Sahani ikikaa muda mrefu kupita kiasi katika joto, vikoloni vidogo visivyo na plasmidi huota kulizunguka koloni halali kama vifaranga wanavyomzunguka kuku. Asiyeambiwa huchukua kifaranga akidhani amechukua kuku.

Mfano wa tatu ni wa mashine ya kuzungushia vichupa, iitwayo sentrifuji. Miongozo mingi huandika tu "zungusha kwa mizunguko 4,000 kwa dakika". Lakini nguvu inayosukuma seli chini hutegemea pia umbali wa kichupa kutoka katikati ya mashine. Nguvu hiyo, ikilinganishwa na mvutano wa dunia, hupatikana kwa kuzidisha 0.00001118 kwa umbali huo katika sentimita na kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko kwa dakika. Kwa mashine yenye umbali wa sentimita 10, mizunguko 4,000 hutoa nguvu ya mara 1,789 hivi ya mvutano wa dunia. Kwa mashine yenye umbali wa sentimita 18, mizunguko ileile hutoa mara 3,220. Wanafunzi wa vyuo viwili wanaweza kuandika tarakimu moja katika madaftari yao, kumbe wamefanya kazi mbili tofauti.

Mfano wa nne ni wa seli zenyewe. Bakteria waliotayarishwa kupokea DNA kwa kulowekwa katika kloridi ya kalsiamu baridi ni dhaifu mno. Huyeyushwa juu ya barafu, si mkononi. Hukorogwa kwa kugonga kichupa taratibu kwa kidole, si kwa kuvuta na kusukuma kwa pipeti. Hukaa na DNA katika barafu kwa dakika 30 hivi, hupashwa joto la ghafla, hurudishwa barafuni, kisha hupewa chakula kisicho na dawa kwa muda wa saa moja ili wapate nafasi ya kuunda protini ya ukinzani. Atakayeiruka saa hiyo kwa haraka zake atawaua wale wale aliokuwa akiwatafuta, hasa kama dawa yake ni kloramfenikoli.

Mwongozo mzuri una mambo gani?

Kutokana na mifano hiyo, ni dhahiri kwamba mwongozo wa kugawana hauwezi kuwa orodha ya vitenzi tu. Hapana budi uwe na mambo yafuatayo.

Kwanza, uwe na lengo na matokeo yanayotarajiwa. Mfuasi ajue kazi ikienda vizuri ataona nini: kimiminiko chenye ukungu, makoloni meupe, mstari wa DNA katika jeli mahali fulani. Asiyejua atakachokiona hawezi kujua kama amekosea.

Pili, uwe na tarakimu na vipimo vyake: joto, muda, ujazo, wingi wa DNA, na nguvu ya mzunguko badala ya mizunguko pekee. Maneno kama "kidogo", "kwa muda" na "mpaka iwe tayari" yaondolewe, au yafafanuliwe kwa alama inayoonekana.

Tatu, uwe na jina kamili la kila kifaa na kila dawa, kiyeyushi chake, na mahali kinapohifadhiwa. Ampisilini huyeyushwa katika maji. Kloramfenikoli huyeyushwa katika ethanoli. Mtu asiyeambiwa hilo atapoteza nusu siku akiukoroga unga usiotaka kuyeyuka.

Nne, uwe na sababu. Sentensi fupi inayoeleza kwa nini jambo hufanyika humsaidia mfuasi anapokutana na hali isiyoandikwa. Mwenye kujua kwamba joto huua ampisilini hatahitaji kuambiwa asiziache sahani juani.

Tano, uwe na mahali ambapo kazi inaweza kusimama bila kuharibika. Kwa mwanafunzi mwenye kipindi cha fizikia saa nane mchana, maneno "hapa unaweza kuweka katika friza hadi kesho" yana thamani kubwa.

Sita, uwe na makosa yaliyokwisha kutokea. Kwa kawaida watu huona haya kuyaandika, lakini ukurasa wa makosa ndio unaowafaa wanaofuata kuliko kurasa nyingine zote. Kama kundi la mwaka uliopita liliwahi kuunguza seli zake, na liandike.

Sahani zinazosema ukweli

Katika yote yanayostahili kugawanwa, majaribio dhibiti yana nafasi ya kwanza. Hayo ni majaribio yanayofanywa sambamba na jaribio lenyewe ili kuonyesha kosa liko wapi. Katika kazi ya kloni sahani nne ndogo zinatosha.

Sahani ya kwanza haina dawa, na hupandwa seli zisizopewa DNA lakini zilizopita katika barafu na joto pamoja na nyingine. Ikiwa tupu, seli zimekufa. Sahani ya pili ina dawa, na hupandwa seli zisizopewa DNA. Makoloni yakiota hapo, dawa haina nguvu. Sahani ya tatu hupandwa seli zilizopewa plasmidi nzima isiyokatwa. Ikiwa tupu wakati ya kwanza imeota, basi seli zi hai lakini haziipokei DNA, au dawa iliyotiwa si ile inayolingana na ukinzani wa plasmidi. Sahani ya nne hupandwa seli zilizopewa plasmidi iliyokatwa na kutiwa ligasi bila kipande kipya. Makoloni yakiwa mengi hapo, plasmidi haikukatwa vizuri, au imejifunga tena yenyewe.

Sasa na warudiwe wale wanafunzi kumi. Kama karatasi yao ingewaagiza kuandaa sahani ile ya kwanza peke yake, wangejua asubuhi ya pili kwamba seli zao zimekufa katika maji ya moto. Wiki mbili zingeokolewa kwa sahani moja.

Sahani ya tatu ina faida nyingine: huwezesha kupima ubora wa seli kwa hesabu. Tuseme seli zimepewa plasmidi ya nanogramu 0.1, na sehemu moja ya kumi ya seli hizo imepandwa na kutoa makoloni 200. Seli zote zingetoa makoloni 2,000. Nanogramu 0.1 ni mikrogramu 0.0001, kwa hiyo ubora ni makoloni 20,000,000 kwa kila mikrogramu ya DNA. Tarakimu hiyo ikiandikwa kila mara seli mpya zinapotayarishwa, kundi litaona mapema kama ubora unashuka.

Namna ya kugawana ndani ya kundi

Mwongozo ulioandikwa vizuri lakini ukafungiwa katika daftari la mtu mmoja ni sawa na taa chini ya pishi. Makundi yanayofanikiwa huweka nakala moja tu iliyo rasmi, mahali ambapo wanachama wote wanaifikia, iwe katika jalada la maabara au katika kompyuta. Nakala hiyo huwa na namba na tarehe. Anayebadilisha kitu huandika amebadilisha nini, lini na kwa sababu gani, na nakala ya zamani haitupwi, bali huhifadhiwa. Katika daftari lake kila mwanafunzi huandika ni nakala ya namba gani aliyoifuata siku hiyo, na kila mahali alipoiacha njia, hata kwa dakika mbili.

Pia kuna mtihani mmoja usio na gharama. Mwongozo mpya hupewa mwanachama ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, naye huifanya peke yake huku mwandishi akitazama kimya. Kila mara mgeni anaposita au kuuliza, pana neno lililosahauliwa. Kuuliza si ujinga. Katika mtihani huu kuuliza ni msaada kwa wote. Mwandishi hulijaza pengo, na mgeni wa pili huitwa.

Hata hivyo karatasi haiondoi kabisa haja ya mwalimu. Namna ya kushika pipeti, mwendo wa mkono wakati wa kutandaza seli, na sura ya koloni lenye afya hujifunzwa upesi zaidi kwa kumtazama fundi akitenda. Kwa sababu hiyo, makundi mengine huwapanga wanafunzi wawili wawili, mzoefu na mgeni, kabla wazoefu hawajaondoka. Mwongozo na fundi husaidiana: fundi hufundisha mkono, na mwongozo hukumbuka baada ya fundi kwenda zake.

Kutoka kundi moja hadi dunia nzima

Kugawana miongozo kukienea nje ya kundi, maswali mapya hujitokeza. Mfano mzuri ni upimaji wa wingi wa bakteria. Maabara nyingi hupitisha mwanga ndani ya kimiminiko chenye bakteria na kupima unavyozuiwa. Kwa kuwa mashine hutofautiana, tarakimu ya maabara moja hailingani na ya nyingine. Mwaka 2018 makundi ya iGEM yaliombwa kufanya kipimo kimoja kwa mwongozo mmoja, na maabara 244 zilishiriki. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba mashine zikisawazishwa kwanza kwa chembe ndogo za silika zilizozimuliwa hatua kwa hatua, vipimo huwa sahihi sana: asilimia 95.5 ya tofauti zilizobaki hazikufikia mara 1.2. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa wanafunzi. Kilichowaunganisha ni mwongozo ulioandikwa kiasi kwamba mtu wa bara jingine angeweza kuufuata bila kupiga simu.

Usalama nao ni sehemu ya mwongozo

Mwezi Februari 1975 wanasayansi wapatao 140 walikutana Asilomar, California, kujadili hatari zinazoweza kutokana na kuunganisha DNA, na wakakubaliana juu ya tahadhari za kufuata. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba ujuzi wa kutenda na ujuzi wa kujikinga visitenganishwe. Mwongozo usiosema bakteria watupwe vipi baada ya kazi haujakamilika. Kwa kawaida sahani na vimiminiko vilivyotumika huuawa kwa mvuke wenye shinikizo katika joto la digrii 121 kwa muda usiopungua dakika 15, na muda huo huhesabiwa tangu uchafu wenyewe ufikie joto hilo. Mwongozo uonyeshe pia glavu zivaliwe wapi, kemikali ipi ina sumu, na nani aitwe ajali ikitokea. Kadhalika, miongozo inayogawanwa na wanafunzi ihusu viumbe visivyo na hatari vilivyoidhinishwa, na ipitiwe kwanza na msimamizi.

Funzo kwa shule za sekondari

Shule nyingi hazina vimeng'enya vikata wala friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini funzo la makala haya halihitaji vitu hivyo. Mwalimu aweza kuligawa darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lichunguze jinsi kimeng'enya cha katalesi kilichomo katika kiazi kibichi kinavyoivunja haidrojeni peroksaidi iliyozimuliwa na kutoa povu la oksijeni, kisha liandike mwongozo wake. Kundi la pili, ambalo halikuwepo, lifuate mwongozo huo pasipo kuuliza, na urefu wa povu ulinganishwe. Matokeo yakitofautiana, wanafunzi watafute wenyewe neno lililokosekana: je, ukubwa wa vipande vya kiazi ulitajwa? Je, muda wa kusubiri? Je, joto la maji? Katika somo moja wataelewa kwamba kuandika ni sehemu ya jaribio lenyewe, wala si kazi ya kumridhisha mwalimu baada ya jaribio kwisha.

Wanafunzi wanaofundishwa hivyo wakifika vyuoni watakuwa na jambo ambalo fedha hazinunui. Watajua kwamba anayefaulu peke yake na kuondoka na siri yake amewaachia wenzake sahani tupu. Na kwamba ukurasa mmoja ulioandikwa kwa uangalifu waweza kufanya kazi kwa miaka mingi baada ya mkono ulioandika kuhamia kwingine.

Maswali

1. Eleza kwa nini seli zilizopewa DNA hulishwa kwa muda wa saa moja bila dawa kabla ya kupandwa katika sahani.

2. Mwanafunzi amepata makoloni mengi katika sahani yenye dawa iliyopandwa seli zisizo na DNA. Taja sababu moja inayowezekana, na namna ya kuizuia.

3. Sentrifuji yenye umbali wa sentimita 12 huzunguka mara 5,000 kwa dakika. Tafuta nguvu yake ikilinganishwa na mvutano wa dunia.

4. Chagua jaribio moja ulilofanya muhula huu. Andika upya mwongozo wake, kisha mpe mwenzako wa darasa la chini aufuate huku ukimtazama kimya. Orodhesha kila mahali aliposita.